Ripoti inasema protini ya BAP1 imepotea. Tumwambie baba?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Baba yetu ana miaka 62. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba jicho la kushoto lina kivuli upande mmoja. Akabadilisha miwani, kivuli kikabaki palepale. Daktari wa macho alipompanua mboni kwa matone na kuchungulia ndani alikuta uvimbe, akampa rufaa kwa bingwa, na bingwa akautaja kwa jina: melanoma ya koroidi, yaani saratani ya seli za rangi kwenye utando ulio nyuma ndani ya jicho. Uvimbe ulikuwa umekaa pale mshipa wa fahamu unapotokea, na jicho lilikuwa karibu halioni tena, hivyo walishauri litolewe. Baba hakubishana. Upasuaji ulikwenda salama, kidonda kimepona, na jicho la bandia limemkaa vizuri kiasi kwamba wageni hawalitambui.

Sisi tukahesabu kwamba shughuli imekwisha. Majuzi nikaenda kuchukua majibu ya maabara, kurasa mbili za Kiingereza. Aliyenikabidhi alisema tu kwamba daktari atatueleza kliniki ijayo. Kufika nyumbani, mdogo wangu wa tatu akang'ang'ania ukurasa wa pili, penye sentensi inayosema kwamba protini iitwayo BAP1 imepotea kwenye viini vya seli za uvimbe, na chini yake kwamba PRAME ni hasi. Akaingia intaneti. Usiku uleule akatuma kwenye kundi letu la familia: "Asilimia 72 ndani ya miaka 5." Hakuongeza neno. Tangu hapo hatulali.

Baba mdogo anasema kosa lilikuwa kukubali kisu, eti saratani ikiguswa na kisu hukasirika ikasambaa. Anasema dalili ya mvua ni mawingu, tuanze kujipanga. Mama hajui lolote. Baba naye hajui. Ripoti nimeificha kabatini chini ya mashuka. Anachouliza yeye kila mara ni kimoja tu: na hili la kulia je, litasalimika?

Naomba unieleze. Protini kupotea maana yake nini, na inakuwaje kukosekana kwa kitu kuwe habari mbaya? Ni kweli baba amebakiza miaka hiyo? Tulikosea kukubali jicho litolewe? Na sisi watoto tumo hatarini? Nauliza hili la mwisho kwa sababu shangazi yetu, dada yake baba wa tumbo moja, alifariki kwa saratani ya figo akiwa na miaka 40 na kitu. Nimeambatisha kurasa zote mbili, majina nimeyafuta. Tumwambie baba au tunyamaze?

Kifungua mimba

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huo, na pole zaidi kwa kuubeba peke yako chini ya mashuka.

Nimezisoma kurasa zote mbili. Nitaanza na ule wa kwanza, kwa sababu barua yako yote inazungumzia wa pili, na nahisi hakuna aliyeusoma wa kwanza hadi mwisho. Umeandikwa kwamba uvimbe una upana wa milimita 11 na unene wa milimita 6. Haukufika sehemu ya mbele inayoshikilia lenzi. Haukutoboa ukuta mweupe wa jicho kutoka nje. Hayo ni mambo matatu na yote yana uzito mkubwa, kwa sababu uvimbe mpana zaidi, au ulioingia sehemu ile ya mbele, au uliopenya nje ya jicho, humweka mgonjwa pabaya zaidi hata kabla protini yoyote haijapimwa. Uvimbe wa baba ni wa ukubwa wa kati. Mwambie mdogo wako aliyekesha na simu arudi kwanza kwenye ukurasa huo.

Sasa tuje kwenye BAP1. Nimefanya kazi ya patholojia miaka mingi, na kipimo hiki ni miongoni mwa vile ambavyo mtu akikiona kwa macho yake anakielewa mara moja. Jicho likishatolewa na kukaushwa kwa dawa, tunakata kipande chembamba sana cha uvimbe, tunakilaza juu ya kioo, tunakimwagia kingamwili iliyotengenezwa kuishika protini ya BAP1 na si kingine, kisha tunaongeza rangi inayong'ang'ania pale kingamwili iliposhika. Maabara nyingi huchagua rangi nyekundu badala ya kahawia ya kawaida, maana melanoma yenyewe ina weusi wake na kahawia juu ya weusi humdanganya msomaji. Ukitazama kwa darubini, kiini cha seli chenye BAP1 kinawaka nyekundu. Kwenye uvimbe wa baba viini havikuwaka. Lakini ukisoma sentensi inayofuata, ambayo naona imeandikwa kwa herufi ndogo, inasema seli za mishipa ya damu zilizopita katikati ya uvimbe huohuo zimeshika rangi vizuri. Hiyo ndiyo inayoniambia kwamba maabara haikuharibu kazi. Kama hata seli hizo nzima zingekuwa zimepauka, ningekwambia kipimo kirudiwe, kwa sababu jicho lisipoingia dawa vizuri hadi katikati, protini huharibika na kila kitu kikaonekana kimepotea.

Kwa nini kukosekana kuwe habari mbaya? Kwa sababu BAP1 ni protini ya kuzuia. Inafanya kazi ndani ya kiini, inaondoa alama fulani kwenye protini nyingine, na kwa njia hiyo inasaidia kuamua jeni zipi zisomwe na zipi zikae kimya. Seli ya rangi ya jicho iliyo na BAP1 hubaki ikijitambua kama seli ya rangi. Ikiikosa, inaanza kupoteza tabia hiyo na kupata uwezo wa kuhama. Maelekezo ya kutengeneza protini hii yako kwenye kromosomu ya 3, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika melanoma nyingi zinazosambaa, kromosomu nzima ya 3 imedondoka upande mmoja, na nakala iliyobaki upande wa pili imeharibika. Hapo hakuna tena wa kuitengeneza.

Uhusiano huu ulijulikana vizuri mwaka 2010, pale J. William Harbour na wenzake huko Marekani walipokuta jeni ya BAP1 imeharibika kwenye melanoma 26 kati ya 31 za lile kundi lenye tabia ya kusambaa. Hiyo ni asilimia 84. Naitaja kwa makusudi, maana nimeshaona watu wakiipindua na kusema asilimia 84 ya waliopoteza BAP1 watakufa. Utafiti haukusema hivyo hata kidogo. Ulichukua uvimbe ambao tayari ulijulikana kuwa wa kundi baya, ukaangalia nyuma kuna nini.

Na hiyo 72 ya mdogo wako? Naijua inakotoka. Ni ya kipimo kingine kabisa, kinachosoma shughuli za jeni 15 ndani ya uvimbe na kuugawa katika madaraja: 1A, 1B na 2. Kwa daraja la 2, takwimu inayotajwa sana ni kwamba asilimia 72 walipata kusambaa kwa ugonjwa ndani ya miaka 5. Ni kweli daraja la 2 na kupotea kwa BAP1 huenda pamoja mara nyingi, kwa hiyo sitakudanganya kwamba namba hiyo haimhusu baba kabisa. Lakini kwanza, baba hakupimwa kipimo hicho. Pili, kusambaa si kufa. Tatu, ndani ya kundi hilo wamo wenye uvimbe wa milimita 18 na wenye wa milimita 8, wote wamewekwa kwenye chungu kimoja. PRAME kuwa hasi nayo inahesabika, kwa sababu ni protini ambayo ikionekana kwenye uvimbe wa aina hii huelekea kuharakisha mambo, na kwa baba haikuonekana. Kwa ujumla, katika utafiti mkubwa wa melanoma ya jicho uitwao COMS, wa Marekani, bila kuchagua nani ana protini gani, ugonjwa ulikuwa umesambaa kwa asilimia 25 ya wagonjwa ndani ya miaka 5 na kwa asilimia 34 ndani ya miaka 10. Baba yumo upande wenye hatari kubwa kuliko hiyo. Kubwa kiasi gani, daktari wake anaweza kukisia vizuri zaidi akijumlisha umri, vipimo vya ukurasa wa kwanza, na hali ya kromosomu ya 3 na ya 8, ambayo kwenye ripoti yenu haimo. Ulizeni kama inaweza kupimwa kwenye kipande kilichobaki maabara. Mara nyingi kinahifadhiwa.

Baba mdogo mheshimuni, ila kwenye suala la kisu ameteleza, na si yeye wa kwanza. Mwaka 1978 mwanapatholojia maarufu wa macho, Lorenz Zimmerman, na wenzake waliuliza swali hilohilo kwenye jarida la kitabibu: je, kulitoa jicho kunaitawanya saratani? Waliona vifo vinapanda miaka ya mwanzo baada ya upasuaji wakashtuka. Ilibidi lipimwe. COMS iliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa kati, wengine wakatolewa jicho, wengine wakabakiziwa jicho na kushonewa kisahani cha mionzi juu ya uvimbe. Kama kisu ndicho kinachosambaza, waliokatwa wangekufa zaidi. Hawakufa zaidi. Baada ya miaka 12 makundi mawili yalikuwa karibu sawa kabisa. Watafiti wengi leo wanaamini seli zinazokwenda kuleta shida huwa zimeshaondoka jichoni kupitia damu muda mrefu kabla mgonjwa hajaona kivuli, na kupanda kwa vifo alikokuona Zimmerman kunaelezeka kwa hilo. Hamkukosea.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kazi hasa ya ile ripoti. Kwangu mimi thamani ya BAP1 ni kuamua ini la baba litazamwe mara ngapi. Melanoma ya jicho ina ubaguzi wa ajabu: ikisambaa, karibu mara 9 kati ya 10 inakwenda kwenye ini. Na vipimo vya damu vya ini huweza kukaa sawasawa huku uvimbe mdogo umeshaanza, kwa hiyo msiridhike na karatasi ya damu peke yake. Mwongozo wa Uingereza unashauri mgonjwa mwenye hatari kubwa apigwe picha ya ini kila baada ya miezi 6, kwa njia isiyotumia mionzi, maana yake MRI au ultrasaundi. MRI huona vidogo zaidi. Kama haipatikani kirahisi, ultrasaundi ya mtu mzoefu, kwa ratiba isiyorukwa, inasaidia kuliko MRI moja ya kutuliza roho kisha kimya cha miaka miwili. Na iendelee hata mwaka wa saba na wa nane, kwa sababu ugonjwa huu huweza kujitokeza baada ya kimya kirefu. Sijaona kwenye ripoti wala barua yako popote palipotajwa picha ya ini. Hilo ndilo lililonishtua, si BAP1.

Kwa nini tuhangaike kutafuta mapema? Zamani swali hilo lilikuwa gumu kulijibu. Sasa yapo ya kufanya. Vivimbe vichache kwenye ini wakati mwingine huondolewa au huchomwa. Tangu mwaka 2022 kuna dawa ya tebentafusp, ambayo upande mmoja inaishika seli ya melanoma kwa kupitia kipande cha protini ya gp100 na upande wa pili inamvuta askari wa kinga ya mwili. Katika jaribio lake, asilimia 73 ya walioipata walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na 59 ya waliopewa tiba nyingine. Inawafaa tu wenye aina ya tishu iitwayo HLA-A*02:01, hivyo siku ikihitajika, kipimo cha damu cha aina ya tishu kitatangulia. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha pia njia ya kuliogesha ini peke yake kwa dawa ya melphalan. Hivyo vyote ni kwa ugonjwa uliokwisha kusambaa. Kwa aliye kama baba, ambaye jicho limetoka na hajaonekana na kitu kingine, hakuna kidonge wala sindano iliyothibitishwa kuzuia usisambae. Kuna majaribio ya kitabibu, na inafaa kumuuliza bingwa kama lipo analoweza kuingia. Yeyote atakayewauzia "kinga ya ini" kwa sasa anawauzia maji. Na mkisoma habari njema za dawa za melanoma ya ngozi, jueni ni ndugu wa jina tu. Mabadiliko ya jeni yanayoianzisha hii ya jicho ni mengine, na nyingi ya dawa zile huishia kutoa matokeo hafifu.

Sasa shangazi. Ungeniuliza bila kumtaja, ningekujibu kwa mstari mmoja kwamba BAP1 kupotea kwenye uvimbe karibu mara zote ni jambo lililotokea ndani ya jicho lenyewe, halirithishwi. Wanaozaliwa na nakala mbovu ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya wenye melanoma ya jicho. Ila familia zenye nakala hiyo huwa na mchanganyiko wake: melanoma ya jicho, melanoma ya ngozi, saratani ya utando wa mapafu iitwayo mesothelioma, na saratani ya figo. Shangazi wa tumbo moja aliyefariki kwa figo akiwa na miaka 40 na kitu sitamwacha apite hivihivi. Inawezekana kabisa ni mambo mawili yasiyohusiana, figo huugua kwa sababu nyingi. Lakini mwambieni daktari habari hiyo wazi, na muombe baba apimwe damu ya jeni ya BAP1. Aanze baba, si ninyi. Akikutwa mzima, hadithi inaishia hapo na watoto wanne mnalala. Akikutwa nayo, kila mmoja wenu ana nafasi nusu kwa nusu, na atakayekuwa nayo ataanza kuchunguzwa macho, ngozi na figo kwa ratiba, kabla ya dalili. Ulizeni pia kwa watu wazima wa ukoo upande wa babu na bibi nani aliugua nini. Mara nyingi habari ipo, haijawahi kuulizwa tu.

Umeona tulikofika? Kipimo cha damu ni cha baba. Picha ya ini ni ya baba. Hakuna hata kimoja mnachoweza kukifanya huku ripoti iko kabatini. Ndiyo maana jibu la swali lako la mwisho kwangu si gumu: aambiwe. Ni mtu mzima aliyekubali jicho lake litolewe bila kelele, na karatasi hiyo ni yake kisheria na kiutu. Ila kuambiwa si kumwagiwa. Mkae naye wewe na mama (mama naye msimwache nje, ndiye atakayekaa naye kwenye foleni), kisha mwulize: "Baba, majibu ya maabara yametoka. Unapenda ujue kiasi gani?" Wagonjwa wengi wakiulizwa hivyo huchagua kujua. Akisema anataka kujua tu la kufanya, mwambie kwamba uvimbe ulikuwa wa aina inayohitaji ini lichunguzwe kila miezi 6, nyamaza hapo. Akitaka zaidi, mpe. Asilimia msimpe ninyi. Hizo muachieni daktari, ana kwa ana. Na huyo mdogo wako wa tatu nenda naye kliniki akaulize maswali yake mwenyewe. Ameogopa kuliko nyote, ndiyo maana anatafuta namba.

Na swali la baba mwenyewe, ambalo naona lilipita bila kujibiwa na mtu. Melanoma ya jicho moja kuhamia jicho la pili, au kuota upya kwenye la pili, ni jambo la nadra mno. Jicho la kulia halitishiwi na BAP1 iliyopotea kushoto. Mradi ile damu ya jeni isije na habari nyingine, linatishiwa zaidi na jiwe, kijiti, na cheche. Avae miwani yenye lenzi za polikaboneti wakati wote, hata kama hazihitaji kwa kusomea, apimwe presha ya jicho na retina kila mwaka, na akae upande wa kushoto wa meza ili watu wawe kulia kwake asishtuliwe. Kukisia umbali kwa jicho moja kutamsumbua kwenye ngazi na anapomimina kitu kikombeni. Akiugusisha mdomo wa chupa kwenye ukingo wa kikombe kwanza, hatamwaga.